Mji wa Morogoro na Maji ya Uluguru

Wasomaji wengi wa jarida hili wamekwisha kupita Morogoro, lakini waliokaa huko ni wachache. Ndiyo desturi ya mji ulio njiani. Msafiri atokaye Dar es Salaam hufika baada ya mwendo wa kilomita 190 hivi, huinua macho upande wa kushoto akaiona milima imesimama juu ya paa za nyumba, hununua machungwa, husema, "Mji mzuri huu," kisha huenda zake Dodoma au Iringa, maana hapo ndipo njia hizo mbili zinapoachana. Mimi nami nilifika kwa nia ya kupita. Nilipelekwa kufundisha kwa muda mfupi, na muda huo umekuwa mrefu, hata sasa wanafunzi wangu wa kwanza wana watoto shuleni. Basi nimeona yafaa niandike habari za mji huu kwa kadiri ninavyozijua, hasa habari ya mfereji mmoja ambao watu wachache huukumbuka.

Watu huuita Morogoro "mji kasoro bahari", yaani kila kitu kipo isipokuwa bahari. Maneno hayo husemwa kwa mzaha, na wenyeji huyapenda. Lakini atakayetaka kuujua mji huu asianze kwa kutafuta kilichokosekana, bali aanze na maji yaliyopo, ajue yanatoka wapi na ni ya nani.

Milima ya Uluguru yaanza mahali mji unapoishia. Hakuna vilima vya kumwandaa mtu kwanza: barabara yapita mbele ya nyumba za mwisho, na hatua chache mbele mtu amekwisha kuanza kupanda. Mji wenyewe u juu ya bahari kwa kadiri ya mita 500. Kilele cha Bondwa, kinachoutazama, chapita mita 2,000. Na kusini zaidi kiko Kimhandu kinachopita 2,600. Milima hii imekaa kutoka kaskazini kwenda kusini, ikazuia pepo zenye mvua zitokazo Bahari ya Hindi. Kwa sababu hiyo miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi sana, na mji, ulio nyuma ya milima kwa upande wa kaskazini-magharibi, hupata kidogo. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Maana yake ni kwamba Morogoro haiishi kwa mvua inyeshayo juu ya paa zake, bali huishi kwa mvua inyeshayo kwa wengine. Misitu ya juu huinywa mvua ile, kisha huitoa polepole katika vijito, na mto Morogoro huteremka kwa kasi mpaka katikati ya mji, ukaenda kuungana na Ngerengere. Ngerengere nao huingia Ruvu. Na Ruvu ndio unaonywewa Dar es Salaam. Basi hata yule msafiri wa machungwa, maji aliyonawa uso alfajiri kabla ya kuondoka kwake yametoka katika milima ile ile anayoisifu kwa kupita.

Wenye milima ni Waluguru, na jina lao lenyewe lasema hivyo, kwani katika lugha yao *lugulu* ni mlima. Kwao mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo, nayo hupita kwa upande wa wanawake. Kijana aoaye huweza kulima shamba la upande wa mkewe miaka mingi bila ya shamba hilo kuwa lake. Naomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalihitaji baadaye. Hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na wakubwa wa koo, na miongoni mwa hao mwenye sifa kuliko wote alikuwa Kingalu wa Kinole, ambaye watu wa mbali walimpelekea vitu ili awaombee mvua. Chini ya milima, katika nchi tambarare, walikaa Wakami na majirani zao.

Sasa twafika kwa Kisabengo.

Huyu alikuwa Mzigua, wala si mtu wa ukoo mkubwa. Bwana Burton, msafiri Mwingereza aliyepita upande wa kusini wa milima mwaka 1857 katika njia ya Zungomero, alizisikia habari zake, na sifa alizozisikia zilikuwa mbaya. Bwana Stanley, aliyepita miaka 14 baadaye, aliandika zaidi. Asema kwamba Kisabengo alikuwa na nguvu za mwili na ulimi mtamu, kwamba aliwakusanya watumwa watoro wakamfanya mkubwa wao, kwamba alikimbia hukumu ya Sultani wa Unguja, akaingia nchi ya Ukami, akapigana na wenyeji mpaka wakamwachia sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba. Hapo, mahali palipo pazuri kuliko pote, karibu kabisa na mto, akajenga mji wake akauita Simbamwene.

Wanafunzi wangu hupenda nimsifu mtu huyu. Ni mwanzilishi wa mji wao, na kila mji hupenda kuwa na shujaa mlangoni. Mimi sioni sababu ya kumpamba. Watu wake walitoroka minyororo, na hilo ni jambo la heshima. Lakini wasafiri wote wawili wamemtaja kuwa mtekaji wa watu, na mji uliojengwa na watumwa watoro uliwauza wengine. Nimepata kuulizwa darasani, "Mwalimu, inawezekanaje mtu aliyeonja utumwa amtie mwenzake utumwani?" Nilijibu kwamba aliyezaliwa katika biashara moja tu huijua biashara hiyo. Jibu hilo halikuniridhisha wakati ule, wala haliniridhishi sasa.

Lakini mji aliujenga kweli. Stanley aliuona mwaka 1871 alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, akastaajabu. Aliona ukuta wa mawe wenye pembe nne, na katika kila pembe mnara wa mawe. Kulikuwa na malango manne, moja kwa kila upande wa dunia, yamefungwa kwa milango ya mbao ngumu iliyotiwa nakshi nzuri kama za Waarabu. Ndani waliishi watu elfu kadhaa. Wakati huo Kisabengo alikuwa amekwisha kufa. Katika uzee wake aliliacha jina lake, kwa kuwa lilikuwa limechafuka, akajiita Simbamwene kwa jina la mji. Na alipokuwa akifa alimrithisha bintiye mkubwa utawala na jina pia. Hivyo mtawala wa mji aliyekutana na mambo ya Stanley alikuwa mwanamke. Mzungu huyo aligombana naye kwa ajili ya askari wake waliokamatwa na bunduki zao zilizozuiliwa, basi tusishangae tukimwona akiandika habari zake kwa uchungu. Watu wengine husema kwamba mwanamke kutawala ni jambo jipya katika nchi hii. Hao na waje Morogoro.

Zaidi ya ukuta, Kisabengo alifanya kazi nyingine, ambayo Stanley asema ilikuwa fahari yake kuu. Alichimba mfereji mrefu wenye kina, akauvuta mkono mmoja wa mto Ngerengere ukaja mpaka karibu na kuta za mji. Tufikiri kidogo juu ya akili ya kazi hiyo. Mji wenye ukuta hauogopi mishale, huogopa kiu. Adui akiukalia mto nje ya lango, watu wa ndani huweza kushindwa bila kupigwa hata pigo moja. Mtu huyu aliliona jambo hilo, akayaleta maji mlangoni pake. Aliyeutazama mji ule wenye minara, milango ya nakshi na maji yakipita chini ya ukuta, angesema kwamba hautaondoka kamwe.

Stanley aliporudi kutoka Ujiji, katika masika ya mwaka 1872, hakuukuta mji aliouacha. Mvua za mwaka ule zilikuwa za ajabu. Ndiyo masika ambayo tufani iliipiga Unguja katika mwezi wa Aprili, ikavunja merikebu na kung'oa minazi na mikarafuu. Milimani maji yalishuka yote kwa mara moja, yakaufuata mfereji wa Kisabengo kama mgeni afuatavyo njia aliyofagiliwa. Ukuta wote wa mbele ukachukuliwa, pamoja na nyumba kama 50. Vijiji vya Waluguru katika miteremko navyo vikapatwa na maafa, na habari alizosimuliwa Stanley zilitaja vifo vingi. Binti Simbamwene alikuwa amekimbia. Na mto, baada ya kuuvunja mji, haukurudi mahali pake. Ulijifanyia njia mpya yadi 300 hivi mbali na mji. Stanley aliandika wazi kwamba mfereji ule, uliokuwa fahari ya mwenye mji, ndio ulioleta maangamizi yake.

Nimeisoma habari hii kwa wanafunzi wengi, na kila mwaka huona uso wa mmoja au wawili ukibadilika. Huwa ni wale wanaokaa karibu na mto.

Mambo yaliyofuata nitayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa yamekwisha kuandikwa mahali pengi. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu mwaka 1868, walifika chini ya Uluguru mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakajenga misioni katika mteremko na kupanda miti ya matunda na kahawa. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akikusanya alama za wakubwa katika karatasi wasizozielewa, na mwezi wa Februari mwaka uliofuata serikali ya Wadachi ikazithibitisha karatasi hizo kuwa haki. Ukoo wa Kisabengo haukupotea. Wakuu wenye jina la Kingo walikaa na utawala mpya, na hata leo kata moja ya mji yaitwa Kingo. Mwaka 1905 reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1907 gari moshi likaingia Morogoro. Kwa miaka michache hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa reli, na mwisho wa reli siku zote ni mahali pa fedha na kelele.

Reli ilileta mkonge, au tuseme mkonge ulipata njia kwa sababu ya reli. Mmea huu wapenda nchi kavu yenye jua, na tambarare iliyo mbele ya milima ni nchi ya namna hiyo. Mashamba yakafunguliwa Tungi, Kingolwira, Pangawe na kwingineko. Waluguru hawakupenda kazi ya mashamba hayo. Walikuwa na ardhi yao na baridi yao huko juu. Basi wafanyakazi wakaletwa kutoka mbali, kutoka kusini na kutoka bara, wakaja na lugha zao na ngoma zao. Maduka yakafunguliwa na Wahindi na Waarabu, na Wagiriki wakawa miongoni mwa wenye mashamba. Hapo ndipo tabia ya mji ilipojithibitisha, nayo ni tabia ile ile ya siku za Kisabengo: mji wa watu waliotoka kwingine, wakikaa chini ya mlima wa watu wengine.

Katika vita kuu ya kwanza mji haukupiganiwa. Majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia tarehe 26 Agosti 1916, yakakuta Wadachi wamekwisha kuharibu madaraja ya reli na kuondoka. Smuts alitumaini kwamba von Lettow angesimama hapo mgongo wake ukiwa mlimani, amnase. Lakini von Lettow aliipita milima ile ile iliyodhaniwa kuwa ukuta, akashuka upande wa Kisaki. Waliobeba mizigo katika njia hizo za utelezi, katika majeshi yote mawili, walikuwa wapagazi wa nchi hii, nao walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa na maradhi. Makaburi ya askari yametunzwa vizuri na majina yao yamechongwa. Ya wapagazi sikuyaona.

Kwa kuwa mji ni wa wageni, mgeni hapati taabu kukaa. Hilo ni jambo jema katika tabia yake, nami nimelifaidi mwenyewe. Hapa hakuna anayekuuliza kwenu wapi kabla ya kukupa kiti. Nadhani ndiyo sababu muziki wa dansi ulistawi hapa kuliko katika miji mingi iliyoizidi kwa ukubwa: watu wasio na ngoma moja ya kurithi iliwapasa kutengeneza yao. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe aliyepata sifa na Morogoro Jazz, waliimba maneno ambayo mtu wa kabila lolote aliweza kuyafanya yake. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda mpaka Osaka, katika nchi ya Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe naye kwa ajali ya gari mwaka 1979. Mji ulio njiani hulipia njia.

Wageni wengine walikuja kwa sababu nzito zaidi. Mwaka 1969 wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walifanya hapa mkutano wao mkubwa, na humo wakaamua kwamba watu wa rangi zote waweza kuwa wanachama. Tangu mwaka 1978 walikuwa na shule yao Mazimbu, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya kibaguzi. Na shamba walilopewa lilikuwa shamba la zamani la mkonge. Walipopata njia ya kurudi kwao, mwaka 1992, waliyaacha majengo yote kwa Tanzania. Sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Viwanda havikuwa na bahati kama ya vyuo. Kile cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilitazamiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka na kuziuza Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya kazi hiyo, kikafungwa mwaka 1990.

Nimekwenda mbali na milima, nami nilisema kwamba habari za Morogoro ni habari za maji. Turudi huko juu.

Serikali ya Waingereza ilipotazama Uluguru baada ya vita vya pili, iliona udongo ukishuka. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yalikuwa yamepanda miteremko mikali, na mito ilikuwa ikigeuka rangi. Wataalamu hawakukosea kuona. Walikosea katika dawa, na zaidi katika namna ya kuinywesha. Tangu mwaka 1950 hivi watu wa milimani waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, kwa siku kadhaa za kila juma, na asiyechimba akatozwa faini. Udongo wa huko ni mwembamba. Rutuba iko juu tu, na chini yake kuna udongo usiozaa. Kuchimba ngazi kulimaanisha kuufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule mbaya. Watu walichimba, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko jirani asiyechimba. Tena likumbukwe lile neno la ukoo: mwanamume aliamriwa kutoa jasho lake juu ya ardhi ambayo kesho ingeweza kurudi kwa ndugu za mkewe. Ni nani aliyemwuliza habari hiyo?

Mwaka 1955, upande wa Matombo, watu walikataa kwa pamoja. Kulikuwa na fujo, polisi walipiga risasi, mtu akafa. Baada ya hayo mpango ukaachwa, na chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikapata wafuasi wengi milimani. Wazee wa huko hulihesabu jambo hilo kuwa ushindi, nami nakubaliana nao. Lakini udongo uliendelea kushuka, maana udongo hauna chama.

Baada ya uhuru mji ulikua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bwawa la Mindu lilitengenezwa katika mto Ngerengere, magharibi ya mji, ili watu wapate maji. Huo ni mfereji wa Kisabengo kwa namna nyingine, na ulikuwa wa lazima kama ule wa kwanza. Lakini watu hawakusimama kulingoja bwawa. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta katika manispaa watu 315,866. Ya mwaka 2022 ilikuta 471,409. Na bwawa, badala ya kukua, hupungua kina, kwa sababu kila masika mito huingiza mchanga na tope. Tope hilo ni mashamba ya watu. Mwenye bomba lililokauka huko Kihonda amekosa maji kwa sababu ya udongo uliompotea mkulima wa mlimani, na mkulima amekosa mahindi kwa sababu ya udongo ule ule, lakini wawili hao hawajuani, na kila mmoja akisikia habari za mwenzake humwona kuwa ndiye mkosaji.

Nimewasikia watu wa mjini wakisema kwamba dawa ni kuwaondoa watu milimani. Husema hayo wakila kabichi za Mgeta na mananasi ya Kinole. Alfajiri ukisimama chini ya njia ya Choma utawaona akina mama wakishuka na mizigo ya ndizi kichwani, hatua fupi fupi, mikono mitupu ya kujishikia mti penye utelezi. Wameondoka kwao nyota zikiwako. Mizigo hiyo yaishia soko kuu, ambalo sasa laitwa kwa jina la Chifu Kingalu. Naliona kuwa jambo zuri mji wa Kisabengo kulipa soko lake jina la mwenye mvua wa milimani. Ingekuwa vizuri zaidi kama jina hilo lingefuatwa na kitu mkononi.

Nasema hivyo kwa sababu limepata kujaribiwa. Baada ya mwaka 2006 kulikuwa na mpango huko Kibungo, katika milima hiyo hiyo, ambao fedha za watumiaji wa maji ya Ruvu walioko Dar es Salaam zilitumiwa kuwalipa wakulima wa juu wanaoutunza udongo. Waliopanda miti walilipwa kwa miti, na waliochimba matuta walilipwa kwa matuta. Naam, matuta yale yale! Wajukuu wa watu waliokataa kuchimba mwaka 1955 walichimba kwa hiari yao, wakatia samadi ili udongo wa chini upate kuzaa, kwa kuwa safari hii waliulizwa, na mwenye kunywa maji alikubali kwamba kuna mtu aliyeyatuma. Mpango ulikuwa mdogo, na muda wake ulikwisha. Sijaona bado mji wa Morogoro wenyewe ukifanya mfano wake.

Upande wa mto nao mambo ni yale yale. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto. Nyumba zimo ndani ya mita hizo. Waliojenga si wajinga. Walinunua kiwanja walichoweza kukinunua, na wakati wa kiangazi mto ni kijito ambacho mtoto hukiruka. Vivyo hivyo ndivyo ulivyoonekana mfereji wa Kisabengo mwezi wa Septemba.

Mwaka jana, siku moja ya mwezi wa Machi, niliwachukua wanafunzi wa darasa langu kwenda mtoni ili waone mahali habari hizi zilipotokea. Walitaka niwaonyeshe ukuta. Niliwaambia kwamba hakuna jiwe ninaloweza kuliwekea mkono na kusema, "Hili ni la Kisabengo," na kwamba mto wenyewe ulihama. Msichana mmoja akauliza yadi 300 ni kiasi gani. Tukazihesabu kwa hatua kutoka ukingoni, wote pamoja, wakicheka. Tukapita katika ua wa nyumba moja kwa ruhusa ya mwenyewe, tukapita banda la kuku na kibanda cha fundi baiskeli, tukasimama mbele ya mlango wa nyumba ambayo mama alikuwa akikaanga maandazi. Akatuuliza tunatafuta nini. Yule msichana akamweleza yote, habari ya mfereji na ukuta, vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Mama yule akasikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, kisha akatazama upande wa Bondwa. Pale tulipokuwa jua liliwaka kabisa, lakini kilele hakikuonekana. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu yake tangu asubuhi. Tuliporudi kupita darajani maji yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi kuwa mekundu, na vijana waliokuwa wakifua chini walikuwa wakikusanya nguo zao.